Mstaafu wa Kegonga na swali la saa mbili asubuhi

MTUMISHI wa umma nchini Kenya hustaafu atimizapo umri wa miaka 60. Kabla ya 2009 kikomo kilikuwa miaka 55. Wenye ulemavu huendelea hadi 65, nao majaji hadi 70.

Kwa mwalimu au karani anayerejea Kegonga, mji mdogo wa Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, hoja ya kwanza ni pensheni. Chini ya mpango wa zamani, mstaafu huweza kuchukua robo ya haki yake kwa mkupuo, kisha akalipwa kila mwezi. Mpango mpya, ulioanza Januari 2021, humtaka mtumishi achangie asilimia 7.5 ya mshahara, serikali ikitoa 15.

Hoja ya pili haimo katika fomu yoyote: ifikapo saa mbili asubuhi, kengele ya shule isipomhusu tena, atakwenda wapi?

Wengi hukimbilia shamba. Kuria imelima tumbaku kwa miongo mingi, lakini hilo si zao la mzee. Nikotini ya majani mabichi, hasa yenye umande, hupenya ngozini na kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Kuyakausha nako hudai kuni nyingi na kukesha. Mizinga ya nyuki haidai nguvu kiasi hicho. Parachichi la kupandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo mwenye busara huotesha miche angali kazini, si siku ya kuagwa kwa keki na hotuba.

Yapo pia yasiyoleta hata senti. Iritungu, ala ya nyuzi nane ya Wakuria, huhitaji vidole vyenye subira, na aliyeishi mijini miaka 30 huweza kuketi na wanaoijua akaanza upya kama mwanafunzi.

Kisha lipo baraza la wazee. Anayejua kusoma hati ya shamba huitwa haraka panapozuka mzozo wa mpaka. Hapo ndipo mwalimu mstaafu hupimwa. Tohara ya wasichana, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, bado ina watetezi miongoni mwa wazee. Akinyamaza, atakuwa amewatupa wasichana aliowafundisha, na akisema, huenda akatengwa na wa rika lake.

Wasio na vyeti nao wana jambo la kuanza. Priscilla Sitienei wa Ndalat, kaunti ya Nandi, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Alijiunga na shule ya msingi akikaribia miaka 90, akitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kuwaandikia wengine maarifa yake ya ukunga na ya mitishamba. Alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 99, angali mwanafunzi. Baadhi ya waliosoma naye aliwazalisha mwenyewe.