College

College ni neno la Kiingereza linalotumika kwa taasisi za aina nyingi, hasa za elimu. Kwa Kiswahili mara nyingi hutafsiriwa chuo, na wengine husema koleji. Hata hivyo neno hilo peke yake halionyeshi kiwango cha masomo. Kadiri ya nchi, linaweza kumaanisha shule ya sekondari, chuo cha ufundi, sehemu ya chuo kikuu, chuo kikuu kizima, au hata kundi la watu lisilohusika na masomo.

Asili ya neno

Neno linatokana na Kilatini collegium, yaani umoja wa watu wenye kazi au cheo kimoja. Waroma wa kale walilitumia kwa vyama vya mafundi na vya makuhani. Maana hiyo bado ipo: Royal College of Physicians, iliyoanzishwa London mwaka 1518, ni chama cha madaktari. Electoral College ya Marekani ni wajumbe 538 wanaomchagua rais. Mgombea anahitaji kura 270 ili ashinde. Anayetafsiri "chuo cha uchaguzi" humfanya msomaji afikirie mahali pa kufundishwa kupiga kura.

Uingereza

Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, college ni jumuiya ndani ya chuo kikuu, yenye majengo, mali na walimu wake. Mwanafunzi huishi na kufundishwa humo, lakini shahada hutolewa na chuo kikuu. Balliol na Merton za Oxford zilianza katika karne ya 13.

Kumbe Eton College, iliyoanzishwa na mfalme Henry VI mwaka 1440, ni shule ya sekondari ya wavulana. Tena kwa vijana wengi wa Uingereza, kwenda college ni kuendelea na masomo au ufundi baada ya umri wa miaka 16, kabla ya chuo kikuu.

Marekani

Wamarekani husema college kwa masomo yote ya shahada ya kwanza, hata kama taasisi yenyewe inaitwa university. Harvard ilianza kama college mwaka 1636. Leo Harvard College ni sehemu ya chuo kikuu inayofundisha shahada ya kwanza. Boston College, pamoja na jina lake, ni chuo kikuu kinachotoa hadi shahada ya uzamivu. Community college hutoa masomo ya miaka miwili, na wahitimu wengi huhamia chuo kikuu kuendelea.

Nchi zinazotumia Kifaransa

Nchini Ufaransa, collège ni miaka minne ya kwanza ya sekondari, kuanzia umri wa miaka 11 hivi. Katika Kongo na Burundi, zilizotawaliwa na Ubelgiji, shule kadhaa za sekondari zina jina hilo, kama vile Collège Boboto ya Kinshasa.

Afrika Mashariki

Uganda ilifuata desturi ya Kiingereza: King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906, ni shule ya sekondari. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikawa college, na mwaka 1949 ikapewa hadhi ya university college: ilifundisha masomo ya shahada, lakini shahada zenyewe zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Dar es Salaam ilianza kwa mpango huohuo mwaka 1961. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu tatu za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi 1970 kila moja ilipojitegemea.

Tafsiri ya Kiswahili

Neno chuo nalo limebadilika. Katika Kiswahili cha kale lilimaanisha kitabu, kisha mahali pa kusomea Kurani. Ndiyo maana mtaalamu wa dini huitwa mwanachuoni. Leo linatumika kwa vyuo vya ualimu, vya ufundi na vinginevyo. Nchini Tanzania, college iliyo kitengo ndani ya chuo kikuu huitwa ndaki, na ile inayojiendesha chini ya chuo kikuu kingine huitwa chuo kikuu kishiriki, kwa mfano Mkwawa mjini Iringa.

Kwa hiyo anayesoma cheti au tangazo la nafasi za masomo asiishie kwenye jina. Atazame nchi, sifa za kujiunga, miaka ya masomo, na hasa ni nani anayetoa cheti. Watu wawili wanaweza kusema kwa haki kwamba wamemaliza college, mmoja akiwa na shahada na mwingine akiwa ndiyo kwanza anatafuta nafasi ya kuisomea.