Umri Unalipiwa, Moshi Haupimwi

Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliwasha gari lake aina ya Gaggenau jijini Dar es Salaam, akashika njia ya Morogoro, akavuka bara zima hadi Swakopmund, alikofika Mei 1909. Leo anayeifuata njia ya Morogoro hupita Kibaha, na hapo usiku na mchana hukutana na magari yaliyokwisha kutumika Japani. Mengine yanakwenda kwa wenyewe Dodoma na Mbeya; mengine ni magari ya IT, yaani yaliyo safarini kwenda nchi jirani, yanakimbizwa hadi mpaka wa Tunduma kuingia Zambia na Kongo.

Kuna wakati Kibaha ilitazamiwa kuunda magari. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania hapo, na shirika la Nyumbu, chini ya jeshi, likabuni lori la Kitanzania. Mtu binafsi aliyetaka gari alihitaji kibali, na fedha za kigeni hazikuwepo. Bajeti ya 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, ilifungua mlango kwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa wenyewe. Pikapu zikaanza kuingia. Enzi ya Mzee Mwinyi mlango ukawa wazi kabisa, na miaka ya 1990 Hiace zenye maandishi ya Kijapani ubavuni zikageuka daladala.

Zilikuwa rahisi kwa sababu kule zilikotoka zilikuwa zimeanza kuwa mzigo. Japani humtaka mwenye gari alipeleke kwenye ukaguzi mzito, shaken, kila baada ya muda, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama inavyomuuma. Mwaka 2003 Tokyo na mikoa jirani iliyapiga marufuku barabarani magari ya dizeli yenye moshi mchafu. Huko Marekani, California imekuwa na mpango wake wa kupima moshi tangu 1984, na gari jipya la jimbo jingine lisilotengenezwa kwa viwango vya California, likiwa halijafikisha maili 7,500, kwa kawaida halisajiliwi. Gari linalokataliwa na masharti hayo hutafutiwa mnunuzi mbali. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya nchi yalikotumika, na Afrika ilipokea asilimia 40.

Majirani zetu waliweka ukomo wa umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania ilichagua kodi: gari dogo la kutembelea lililotimiza miaka 8 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na likifika 10 asilimia 30. Mimi naona hapa ndipo tulipopotea. Gari la miaka 12 lililotunzwa, masega ya ekzosi yanayosafisha moshi yakiwa mahali pake, linaweza kutoa hewa safi kuliko la miaka 6 ambalo masega yake yameng'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yaliyomo. Kodi ya umri haioni tofauti hiyo.

Ukaguzi upo, tena una historia yake. Awali TBS, shirika la viwango, ilitaka gari likaguliwe kabla ya kupakiwa melini, kwa kufuata kiwango cha ubora kiitwacho TZS 698, na mawakala wake wakafanya kazi hiyo hukohuko Japani. Mwaka 2021 ukaguzi ukaletwa nyumbani, Dar es Salaam. Likipita, mwenye gari hulipa ushuru, huonyesha namba yake ya mlipakodi (TIN), na mamlaka ya mapato, TRA, humpa kadi na namba ya gari inayoanza na T. Lenye namba ya Zanzibar lilikuwa na safari yake: likivuka kuja Bara lilithaminiwa upya na mwenyewe akadaiwa tofauti ya ushuru, jambo lililowaudhi Wazanzibari hata likaingia katika orodha ya kero za Muungano. Walikuwa na haki ya kuudhika, kwa maana nchi ni moja.

Lakini baada ya kadi kutoka, nani anarudi kwenye bomba la moshi? Kanuni za ubora wa hewa za 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zimeweka viwango vya moshi wa magari. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki ilikubaliana kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo trafiki barabarani huangalia breki, tairi, taa na bima; moshi unaachiwa macho yake. Panda kutoka Gongo la Mboto kwenda Kisarawe nyuma ya lori la Fuso lililojaa mchanga, uone linavyofuka moshi mweusi kwenye kilima cha Pugu, na msitu wa Kazimzumbwi upo jirani. Fuso hilo lina kadi halali na ushuru wake ulilipwa wote.

Julai 2025 Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa wilayani Kibaha, ikiunganishwa na reli ya SGR ili kuipunguzia mzigo bandari ya Dar es Salaam. Gari likifika hapo bado halijapata namba. Kipimo cha moshi kingewekwa Kwala, na kingine katika ukaguzi wa kila mwaka wa malori, Kisarawe wangeanza kupumua kabla ya malori hayo kufa yenyewe.