Nani kakupa ruhusa ya kufuta barua za watu?

Leo tuweke pembeni madesa na mitihani, tuingie kwenye historia ya kompyuta. Najua wengine mkisikia habari za kuandika amri kwenye skrini nyeusi mnafunga ukurasa... vumilieni. Hii inamhusu kila aliyewahi kusubiri barua pepe ya majibu ya maombi yake ikawa haifiki.

Barua pepe haiendi moja kwa moja kama risasi. Seva ya mtumaji inaipokea, inaiandika kwenye diski, inaiweka kwenye foleni, halafu inabisha hodi kwenye seva ya upande wa pili. Kama kule kumezimika, barua inabaki foleni na inajaribiwa tena baadaye. Mwongozo wa intaneti wa mwaka 1989, RFC 1123, unasema kwa kawaida seva iendelee kujaribu kwa angalau siku 4 hadi 5. Siku zote hizo barua yako ipo mikononi mwa msimamizi wa seva. Anaweza kuiona, kuisimamisha, hata kuifuta. Na ikifutwa humo ndiyo basi tena, hakuna pipa la taka la kuiokotea.

Sasa, amri za kufanyia hayo zilianzaje?

Mwaka 1983 mfumo wa BSD, kutoka chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, ulitoka na programu ya sendmail iliyoandikwa na Eric Allman. Ilikuwa na amri ya kutazama foleni, mailq: unaandika neno hilo moja, unaona barua zote zinazosubiri, za nani, zinakwenda kwa nani, na kwa nini zimekwama. Safi kabisa. Ila amri ya kufuta barua haikuwepo! Kila barua ilikuwa mafaili mawili kwenye folda, moja linaanza na qf lenye anwani na maelekezo, jingine linaanza na df lenye maneno yenyewe. Ukitaka kufuta, unaingia mwenyewe na kuyaondoa kwa rm, amri ile ile ya kufutia faili lolote. Ukikosea herufi, au sendmail ikawa inaituma barua hiyo dakika hiyo hiyo, shauri yako.

Miaka ya 1990 wakaja wengine. Daniel Bernstein alitoa qmail 1.0 mwaka 1997, akasifika sana kwa usalama. Nayo ilikuwa na amri ya kutazama, qmail-qread, lakini ya kufuta hakuna. Watu wakaandika skripti zao za mitaani, na busara ya kawaida ikawa: zima qmail kwanza, ndipo uguse foleni.

Philip Hazel wa chuo kikuu cha Cambridge alishaanza Exim mwaka 1995, na yeye alikwenda njia nyingine. Unaandika exim -Mrm na namba ya barua. Programu yenyewe inaangalia kwanza: kama barua hiyo inatumwa sasa hivi, inakataa kuigusa. Hapo ndipo naona jambo kubwa lilipobadilika. Kufuta kuliacha kuwa kazi ya kuchezea mafaili, kukawa ombi ambalo programu inalipima.

Halafu Postfix ya Wietse Venema, iliyotoka IBM mwaka 1998. Huyu jamaa aligawa kazi kwenye amri mbili tofauti. Kutazama ni postqueue, na kwa kawaida mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuitumia. Kufuta ni postsuper, ya msimamizi mkuu peke yake. Na ukitaka kufuta foleni nzima, lazima uandike ALL kwa herufi kubwa. All ya herufi ndogo haikubaliki. Waliandika wazi kwamba ni kwa ajili ya usalama. Herufi tatu tu, lakini zinaulazimisha mkono usimame kidogo. Pia kuna postsuper -h: barua inasimamishwa bila kufutwa, na kwa -H unairudisha njiani. Yaani ukiwa na wasiwasi, una njia ya katikati.

Lakini hata hapo palikuwa na ufa, na maelezo ya amri yenyewe yanaukiri. Namba za barua zilikuwa zinaweza kujirudia. Unaagiza namba fulani ifutwe, kumbe barua hiyo imeshafika salama, na barua mpya imepewa namba ile ile. Unafuta ya mtu asiyehusika! Uwezekano wa namba kurudiwa wanautaja kuwa kama 1 kati ya 2 kwa kipeo cha 15, yaani 32,768. Ni mdogo, ila seva kubwa inapitisha barua nyingi mno. Toleo la 2.9 la mwaka 2012 likaleta namba ndefu zisizojirudia, kwa anayetaka kuziwasha.

Somo hilo halikuishia kwenye barua pepe. RabbitMQ, iliyotoka mwaka 2007, inapanga foleni za ujumbe baina ya programu na programu: malipo, oda, taarifa. Amri yake ya siku hizi ya kufuta foleni unaweza kuiongezea --if-empty, maana yake futa iwapo tu haina kitu ndani. Ni swali lile lile alilojiuliza Hazel.

Kwa hiyo nyie mnaoandika programu za miradi ya mwaka wa mwisho, kabla ya kuongeza amri ya kufuta jiulizeni: nani anaruhusiwa kuitumia? Je, kitu chenyewe kinatumika sasa hivi? Na mtu asiye na uhakika ana njia ya kusimamisha kwanza? Vilivyomo kwenye foleni si mali ya anayeshika kibodi. Kuna mtu mahali anasubiri.