Kunyoa, Kunyonyoa na Kutinda: Maneno ya Nywele za Uso Katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Maneno ya bahari, ya biashara na ya dini yameandikiwa mengi katika historia ya Kiswahili. Maneno ya chumbani, ya kioo na wembe, hayajapewa haki yake. Makala haya yanakusudia kuyatazama matatu: kunyoa, kunyonyoa na kutinda. Yote hutaja kuondoa nywele zisizotakiwa, lakini kila moja lina kazi yake, na limehifadhi maarifa ya kuifanya kazi hiyo nyumbani bila madhara. Tutasimama Bodo, kijiji cha Kwale kilicho upande wa kisiwa cha Funzi, kwani hapo lahaja hukutana: Chifunzi, ambacho H. E. Lambert alikiandikia kijitabu mwaka 1958, Kidigo, Kimvita cha kaskazini, na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja.

Tuanze na nywele zenyewe. Za kidevuni ni ndevu. Za juu ya mdomo ni sharubu. Zishukazo toka masikioni kupita mashavuni ni sharafa. Za juu ya macho ni nyusi, au nyushi. Zile laini zilizotanda mwilini ni malaika, na umoja wake ni laika. Kwa mwanamke, tofauti ya laika na udevu si ndogo. Malaika ni ya kila mtu. Bali ndevu ngumu zinazoota ghafla kidevuni, hasa pamoja na kuvurugika kwa hedhi, huweza kuwa dalili ya mabadiliko ya homoni, na yafaa kumwona daktari kabla ya kushika wembe.

Kunyoa ni kukata nywele usawa wa ngozi na kuliacha shina ndani. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamuusia amnyoe mumewe na kumtengenezea sharafa; wembe basi umo mkononi mwa mke, nyumbani, si mwa kinyozi peke yake. Methali nazo zimebeba ufundi. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji" humwonya mtu ajiandae kwa yatakayomfika, lakini mfano huo usingekuwa na nguvu kama wasikilizaji hawakujua kwamba nywele zilizoloweshwa hulainika, zikakatika bila kuikwaruza ngozi. La kuongeza ni kwamba nywele za kipilipili zikinyolewa kinyume cha uotaji wake huweza kujikunja na kurudi ngozini, zikazaa vipele. Kwa hiyo wembe na uufuate mwelekeo wa nywele. Wala si kweli kwamba kunyoa huzidisha nywele: ncha iliyokatwa butu huonekana nene tu.

Kunyonyoa ni kung'oa. Ndilo neno la kuku na manyoya yake, na lilipohamia usoni halikuyaacha maumivu yake. Zana zake ni kibano, uzi uliosokotwa, au sukari iliyochemshwa kwa maji na ndimu hata ikanata kama ulimbo, njia ijulikanayo sana Misri na Uarabuni kwa jina la halawa. Sukari haikuwa ngeni katika sehemu za Bodo, maana kiwanda cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927 na kufungwa mwaka 1988. Kanuni za njia hii ni chache: sukari ipoe, ijaribiwe kwanza mkononi, isipakwe penye jeraha wala kwenye ngozi inayotiwa dawa kali za chunusi, kwa kuwa ngozi hiyo huchunika upesi. Faida yake ni kwamba nywele iliyong'olewa hukawia majuma kadhaa kurudi, ilhali ya wembe huonekana baada ya siku chache.

Kutinda ndilo neno lenye fumbo kubwa zaidi. Kiswahili sanifu husema kuchinja kuku, lakini kutinda nyusi. Sasa, penye ch ya Kiunguja, Kimvita huwa na t, na Kidigo ts: macho, mato, matso. Penye nj ya Kiunguja, Kimvita huwa na nd mara nyingi: njia, ndia. Kwa kanuni hizo, chinja la Unguja ndilo tinda la Mombasa na tsinza la Wadigo. Yaelekea basi kwamba Kiunguja kinalo neno moja mara mbili: kwa sura yake chenyewe, kwa ajili ya mnyama, na kwa sura ya kaskazini, kwa ajili ya nyusi. Ikiwa ni hivyo, pambo na jina lake vilishuka pamoja kutoka miji ya kaskazini. Lakini tusiharakishe. Liko pia neno tindo, aina ya patasi, na huenda palikuwa na tinda jingine la "kukata" tu. Ndiyo sababu mtafiti afikaye Bodo, baina ya tinda na tsinza, hana budi kuuliza maneno yote matatu: la mbuzi, la nyusi na la patasi.

Wanazuoni nao walipambanua. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye ni tegemeo kubwa la madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, aliona kwamba mwanamke akiota ndevu au sharubu inapendekezwa aziondoe, ingawa Hadithi inakataza kunyonyoa nyusi.

Tangu ukimwi ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, imekuwa lazima kusisitiza kwamba kila mtu awe na wembe wake. Onyo hilo lina maana kwa aliyefunzwa tofauti ya kukata, kung'oa na kupunguza. Neno jepesi "kutoa" likiyameza maneno haya matatu, binti ataambiwa atoe nywele bila kuambiwa afanye nini na ngozi yake. Mwenye kutunga kamusi ya lahaja asidhani basi kwamba maneno haya ni madogo. Ayaandike kila moja mahali pake, pamoja na zana yake na tahadhari yake, maadamu wanaoyajua bado wapo wa kuulizwa.