Kuunga picha za mandhari kwa mkupuo bila intaneti

MTU anayesimama juu ya kilima jirani na Berega, katika nyanda za juu za Ukaguru wilayani Kilosa, hawezi kuingiza milima, mabonde na mashamba yote katika picha moja ya kamera ya kawaida. Hulazimika kupiga picha kadhaa akigeuka taratibu, kisha kuziunga ziwe picha moja pana, yaani panorama. Picha 8 zinazofunikana kwa asilimia 30 hutoa upana unaokaribia wa picha 6.

Kwa picha ya kutundika ukutani, simu ya mkononi inatosha. Kazi huwa nzito pale mpigaji anaporudi na mifululizo 40, yaani picha 320, na anakusudia kupiga tena kutoka sehemu zile zile mwaka ujao ili aone mto umekula kingo kiasi gani. Kilosa inaifahamu haja hiyo. Mto Mkondoa ulipofurika kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya wakazi walihama makazi yao na reli ya kati iliharibiwa. Katika hali kama hiyo, picha za kabla na za baada, zilizopigwa kutoka sehemu moja, huwa ushahidi.

Programu huria ya Hugin, inayotolewa bure, hufanya kazi hii. Misingi yake ni zana zilizotolewa na Helmut Dersch wa Ujerumani mwaka 1998. Wengi huitumia kwa kubofya, lakini ndani yake zimo programu ndogo zinazoendeshwa kwa amri za maandishi. pto_gen hukusanya picha za mfululizo mmoja. Cpfind hutafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha. Cpclean huondoa alama zilizokosewa. Autooptimiser hukokotoa kila picha ikae wapi. Pano_modify hupanga ukubwa na mipaka ya picha. Na hugin_executor hukamilisha uungaji.

Amri hizo huandikwa mara moja katika faili, na kompyuta huagizwa izirudie kwa kila folda. Ikiwa mfululizo mmoja huchukua dakika 5, mifululizo 40 itakamilika kwa saa 3 na dakika 20, mwenye kazi akiwa amelala. Baada ya programu kuwekwa, haihitaji intaneti wala kifurushi cha data, na hata kompyuta ya zamani huimudu, ingawa kwa mwendo wake. Umeme ukikatika, kinachopotea ni folda iliyokuwa ikishughulikiwa, mradi faili la amri limeandikwa liruke zilizokwisha kukamilika.

Kila mfululizo uwe na folda yake. Wapiga picha wazoefu hupiga picha ya kiganja kabla ya kuanza na baada ya kumaliza kila mfululizo, hivyo kuzitenganisha baadaye huwa rahisi. Ni hila ya kizamani, lakini mwandishi huyu hajaona iliyo bora kuliko hiyo. Mwanga wa kamera upangwe kwa mkono, la sivyo anga litatoka na mistari. Kamera izungushwe bila kuhamishwa, kwa maana nguzo iliyo karibu itaonekana kuhama mbele ya mlima, na maungio yatavunjika.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba mashine haimwulizi mtu. Mawingu hutembea, na alama zilizowekwa juu yake hupotosha hesabu. Cpfind ikipewa amri ya celeste hujaribu kuzitambua na kuziacha. Majani ya mahindi yanayopeperushwa na upepo huleta shida hiyo hiyo. Picha ikikosa alama za kuiunganisha na jirani yake, kazi huweza kuendelea hadi mwisho na kutoa panorama yenye sehemu iliyowekwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo checkpto iwekwe katikati ya amri: hukagua kama picha zote zimeungana, na folda yenye kasoro ikaorodheshwa pembeni badala ya kuungwa.

Panorama isichanganywe na ramani. Mradi wa Zanzibar ulioanza mwaka 2016, ambapo Kamisheni ya Ardhi na SUZA walishiriki kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, uliunga picha zilizopigwa kutoka juu, ambazo umbali unaweza kupimwa juu yake. Panorama ya kutoka kilimani huonyesha mabadiliko, lakini ukubwa wa shamba hauwezi kusomwa humo moja kwa moja.

Uungaji huficha pia. Ng'ombe aliyekuwa akitembea anaweza kuonekana mara mbili, au asionekane kabisa. Anayetaka kuipeleka picha yake katika baraza la ardhi au ofisi ya kijiji ahifadhi picha za awali zote bila kuzigusa, pamoja na tarehe zilizoandikwa na kamera, katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti.