Fataki (bunduki)

Fataki ni kifaa kidogo cha metali chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Kazi yake ni kuwasha baruti ndani ya bunduki. Katika bunduki za zamani ilivikwa kama kofia juu ya kifa, yaani kichuchu chenye tundu nyuma ya mtutu. Katika risasi nyingi za kisasa imepachikwa katikati ya kitako cha ganda. Neno hilohilo hutumika pia kwa baruti za sherehe, ambazo ni mada nyingine.

Historia

Kabla ya fataki zilitumika bunduki za gumegume. Jiwe lilitoa cheche zilizoangukia baruti kidogo kando ya mtutu, na moto ukapita tunduni hadi ndani. Mvua na upepo viliweza kuuzima. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa Uskoti, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali ya kugongwa. Fataki za umbo la kofia zilienea kuanzia miaka ya 1820. Mwaka 1866 Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani walipata hataza za fataki za kupachikwa kwenye ganda. Aina zote mbili zinatumika hadi leo.

Ujiji na Ziwa Tanganyika

Katika karne ya 19 bunduki zilifika Ujiji kwa misafara kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Ziliambatana na biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Mfanyabiashara Tippu Tip alieleza kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Misafara pia ilipiga bunduki hewani ilipokaribia mji. Ndivyo msafara wa Henry Morton Stanley ulivyofanya ulipoingia Ujiji mwaka 1871.

Mbali na pwani, namna ya kuwasha baruti ilikuwa jambo zito. Mwenye gumegume alihitaji jiwe na baruti. Mwenye bunduki ya fataki alitegemea pia bidhaa ya kiwandani kutoka ng'ambo. Fataki zikiisha, bunduki yake haikuwa na kazi.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za moto katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Ujiji, iliyo takriban nyuzi 5 kusini, ilikuwa ndani ya eneo hilo. Mkataba uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Fataki na shabaha ya mbali

Gobore lenye mtutu laini halifai kwa shabaha ya mbali, hata likiwa na fataki nzuri. Bunduki yenye mifuo huizungusha risasi ili isiyumbe. Hapo ndipo ubora wa fataki huonekana. Fataki isiyolingana na nyingine huweza kuwasha baruti kwa nguvu tofauti, na kasi ya risasi hubadilika.

Kwa mfano, bila kuhesabu ukinzani wa hewa, risasi yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde hushuka takriban mita 2.76 ikifika mita 600. Kasi ikiwa mita 790, hushuka takriban mita 2.83. Tofauti ni sentimita 7 hivi, wakati katika mita 100 ni milimita 2 tu. Kwa hiyo mlenga shabaha wa mbali hatafuti fataki yenye nguvu kuliko zote, bali zinazofanana.

Fataki za bunduki ndefu huwa na kipenyo cha takriban milimita 4.45 au 5.33, kulingana na ganda. Zipo za kawaida, zenye moto mkali kwa baruti nyingi au ngumu kuwaka, na za mashindano, zinazotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Kubadili aina hubadilisha shinikizo ndani ya mtutu, hivyo aina moja haiwekwi badala ya nyingine bila kufuata vipimo vya mtengenezaji.

Usalama na sheria

Fataki hulipuka kwa kugongwa au kwa joto, na nyingi zina madini ya risasi, ambayo moshi wake ni sumu. Mtoto akiokota fataki au risasi asiichezee wala kuigonga. Amwite mtu mzima, na polisi wapewe taarifa. Nchini Tanzania umiliki wa silaha na risasi huhitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi.