Msimu wa 2019 wa Baltimore Ravens

Msimu wa 2019 wa Baltimore Ravens ulikuwa msimu wa 24 wa timu hiyo katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Unajulikana kwa mfumo mpya wa uchezaji uliojengwa kumfaa kwotabeki kijana, Lamar Jackson. Kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi.

Jackson alisajiliwa mwaka 2018, ingawa baadhi ya wachambuzi walishauri abadilishiwe nafasi kwa kuwa alisifika zaidi kwa mbio. Mwaka 2019 kocha mkuu John Harbaugh alimkabidhi Greg Roman usimamizi wa mashambulizi. Katika mfumo wake, kwotabeki humtazama mlinzi mmoja, kisha huamua kumpa mwenzake mpira au kukimbia nao. Walinzi wakisogea mbele kuzuia mbio, nyuma yao hubaki nafasi ya kurusha pasi.

Pasi za Jackson zilizozaa tachidauni ziliongezeka kutoka 6 hadi 36. Ravens walishinda mechi 14 kati ya 16 wakakimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi. Jackson alichaguliwa mchezaji bora kwa kura zote.

Hata hivyo, katika mtoano Tennessee Titans waliwafunga 28–12. Wakiwa nyuma kwa alama, Ravens walitegemea zaidi pasi, na Jackson alirusha pasi 59.